Pointi za Umeme kwa Reli ya Mezani: Kutoka Ruo hadi Nachingwea

Reli ya Kusini ilifika Nachingwea mwaka 1949, na miaka ya mwanzo ya 1960 ikang'olewa. Waingereza waliijenga kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ule ulioanza 1947 kwa makeke mengi na kuachwa 1951 baada ya mashamba kukataa kutoa mavuno yaliyotarajiwa. Ndiyo maana mtoto anayekulia Nachingwea au Ruangwa leo hasikii mlio wa treni mpaka asafiri mbali. Akiitaka nyumbani, itabidi aijenge mezani: reli ndogo, injini ndogo na mabehewa yake. Mwongozo huu ni wake, awe mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wa fizikia au fundi umeme anayepata nafasi jioni. Nashughulika na jambo moja tu, lile linalowakwamisha wengi wanaoanza: kuendesha pointi kwa umeme.

Pointi ni pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Ndani yake kuna reli mbili fupi zilizochongoka, ambazo hapa nitaziita ndimi, zimeunganishwa na kijiti kimoja ili zisogee pamoja. Zikilalia upande mmoja treni inanyoosha, zikilalia upande wa pili treni inakunja. Mwendo wenyewe ni wa milimita mbili au tatu. Kwa pointi iliyo karibu nawe kidole kinatosha. Kwa ile iliyo ng'ambo ya meza, nyuma ya kilima cha karatasi ulichohangaika kukipaka rangi, kidole hakifiki, na mkono ukinyooshwa unaangusha miti na nguzo. Hapo ndipo umeme unapohitajika.

Anza na ramani

Naipendekeza Reli ya Kusini kwa sababu ramani yake ni fupi na ina kila kitu anachohitaji mtu wa kujifunza. Mwanzoni ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari karibu na Lindi, ikapanda kupitia Ruo hadi Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilipojengwa, reli nyingine ikatoka huko na kukutana na ile ya kwanza hapo Ruo. Una njia panda moja, basi, na kituo kimoja cha mwisho. Hivyo viwili vinatosha kabisa kwa kuanzia.

Chukua plaiwudi ya futi nane kwa nne, mwambie seremala aipasue katikati kwa urefu, nusu moja iwe meza yako. Upande wa kushoto chora Ruo, ambapo njia mbili, ya Mkwaya na ya Mtwara, zinaungana kuwa moja. Hapo ni pointi namba 1. Upande wa kulia chora Nachingwea: njia kuu, njia ya pembeni inayotoka na kurudi kwenye njia kuu, na kipande kinachokwenda ghalani. Njia ya pembeni inahitaji pointi mbili, namba 2 inapotoka na namba 3 inaporudi. Ghala linachukua namba 4. Baada ya pointi namba 3 acha kipande cha reli kirefu kuliko injini yako. Usikipuuze kipande hicho. Bila hicho injini haina pa kugeukia na treni yako ikishafika Nachingwea imefika moja kwa moja.

Neno moja kuhusu upana. Reli zetu za zamani, ile ya Kusini ikiwemo, zina upana wa milimita 1,000. Reli za mezani zinazopatikana kwa wingi zaidi duniani zina milimita 16.5, na kwa upana huo reli ya mita moja inakuwa imepunguzwa mara 60 hivi. Injini na mabehewa yanayouzwa kwa reli hiyo, kwa upande mwingine, kwa kawaida yamepunguzwa mara 87, kipimo kinachoendana na reli ya milimita 1,435 kama SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Wapo wanaokosa usingizi kwa tofauti hiyo. Anayeanza asiwe mmoja wao. Nunua ya 16.5, vifaa vyake ni vingi na bei yake ni nafuu, na ukiagiza nje pamoja na mwenzako mtagawana gharama ya kusafirisha. Ukiagiza pointi, chagua zile ambazo ile V ya katikati, reli zinapokatana, imetengenezwa kwa plastiki. Za chuma ni nzuri zaidi kwa injini fupi, lakini zinadai swichi ya ziada ya kubadilisha umeme wa hiyo V, na kwa sasa una kazi ya kutosha.

Kwa nini koili zinaungua

Kifaa cha kawaida cha kusogeza pointi kina koili mbili za waya wa shaba zilizopangwa kwenye mstari, na katikati yake kipande cha chuma kinachoteleza. Ukiipa umeme koili ya kushoto, chuma kinavutwa kushoto na ndimi zinafuata. Ukiipa ya kulia, vyote vinarudi. Kazi hiyo inakamilika kabla hujapepesa macho. Waya wa koili ni mwembamba na ukinzani wake ni mdogo, mara nyingi omu nne, tano hivi, kwa hiyo kwa muda huo mfupi unapitisha ampea tatu au nne. Zikipita kwa kitambo kidogo tu, hakuna tatizo. Zikipita kwa sekunde kadhaa, koili inapata moto, vanishi ya waya inayeyuka, plastiki inajikunja, na unasikia harufu ambayo hutaisahau. Kifaa kimekufa na hakitengenezeki.

Watu wengi wanaoanza wanafunga swichi ya taa, ile ya kuwasha na kuzima, kwa sababu ndiyo waliyoizoea ukutani. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuunguza koili. Unachohitaji ni kitufe kinachorudi chenyewe, kama cha kengele ya mlangoni. Hata hivyo, kitufe hakitoshi. Mtoto wa jirani atakuja, atakibonyeza, na atakishikilia kwa furaha. Kitufe nacho chenyewe kinaweza kunasa, hasa vumbi letu jekundu la kiangazi likiingia ndani. Kwa hiyo tunaweka kati ya umeme na vitufe kitu ambacho hakiwezi kutoa nguvu nyingi kwa muda mrefu hata kikilazimishwa. Kitu hicho ni kapasita.

Mahitaji yake ni manne na yote yanapatikana kwa fundi redio au kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki: chaja ya kompyuta ya mkononi iliyobaki baada ya kompyuta kufa, yenye kutoa volti 19, kapasita moja ya maikrofaradi 4,700 inayostahimili volti 35, rizista ya omu 220 ya wati 5, zile nyeupe zenye umbo la tofali dogo, na dayodi ya 1N4007. Ukiwa na kapasita ya volti 16, iache. Ya volti 25 itafanya kazi, lakini 35 inakupa amani.

Fuata njia ya umeme kwa kidole kabla hujashika pasi ya kulehemu. Kutoka chanya ya chaja unaingia kwenye rizista. Kutoka rizista unaingia kwenye mguu wa chanya wa kapasita. Mguu wa hasi wa kapasita unarudi hasi ya chaja. Dayodi inakaa sambamba na kapasita, upande wake wenye mstari ukielekea chanya, kazi yake ikiwa kuilinda kapasita dhidi ya mtikisiko wa umeme unaorudi kutoka kwenye koili. Basi. Kutoka kwenye mguu wa chanya wa kapasita sasa ndipo unapochukua umeme wa vitufe vyote.

Kinachotokea ni hiki. Ukiwa hujabonyeza kitu, kapasita inajaa taratibu kupitia rizista, na kwa sekunde tatu hivi imefika karibu na volti 19. Ukibonyeza, akiba yote inamiminika kwenye koili kwa mkupuo, na pointi inaruka kwa mlio wa *tak!* Ukiendelea kushikilia, koili inapata tu kile kinachopenya kwenye omu 220, chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Huo hauwezi kuiunguza hata kitufe kikinasa usiku kucha. Joto lote linabaki kwenye rizista, ambayo itapoteza wati moja na nusu hivi; ndiyo maana tumeiweka ya wati 5. Gharama ya usalama huo ni kusubiri sekunde tatu kati ya pointi moja na nyingine, jambo ambalo halina hasara yoyote, kwa kuwa hata mwenye zamu wa stesheni ya kweli hakuwa na haraka kuliko hiyo.

Angalia sana miguu ya kapasita. Upande wenye mstari wa alama za kutoa ndio hasi. Ukiigeuza itavimba, na inaweza kupasuka na kukurushia maji yake usoni. Kagua mara mbili, kisha mwite mwenzako akague. Chaja yenyewe usiifungue. Ndani yake kuna umeme wa TANESCO wa volti 230, nao hauhusiani na kazi yetu. Kata tu kichwa cha waya wake mwembamba na upime kwa mita upi ni chanya.

Kuzitambua waya tatu

Kifaa cha koili mbili kina waya tatu, na watengenezaji hawakubaliani kuhusu rangi. Usiamini rangi. Weka mita kwenye kipimo cha chini cha omu, gusanisha kwanza ncha zake mbili na uone inasoma ngapi, kwa sababu waya za mita zenyewe zina ukinzani kidogo na utautoa kwenye hesabu. Kisha pima waya mbilimbili. Jozi mbili zitasoma karibu sawa, tuseme omu 4 na 4, na jozi ya tatu itasoma maradufu, 8. Katika jozi hiyo ya 8 umeshika miisho ya koili zote mbili. Waya iliyobaki nje ndiyo ya pamoja. Ifunge fundo au izungushie tepu nyeusi papo hapo, usije ukaisahau.

Waya ya pamoja ya kila pointi inakwenda hasi ya chaja. Miisho miwili kila mmoja unakwenda kwenye kitufe chake. Pointi nne, vitufe vinane, na waya moja nene ya hasi inayopita chini ya meza kutoka Ruo hadi Nachingwea, ambayo kila pointi inaegemea. Hiyo ya hasi iwe ya milimita moja ya mraba. Zinazokwenda kwenye vitufe ziwe nusu milimita ya mraba. Najua waya za kebo ya kompyuta zinavutia, ni nyingi na zina rangi nzuri, lakini ni nyembamba: kwa mita tatu kwenda na tatu kurudi zinakula zaidi ya nusu omu, na kwa ampea tatu hiyo ni karibu volti mbili zilizopotea njiani. Pointi ya mwisho itakuwa inavivia kila siku na hutajua sababu.

Fanya kazi hii meza ikiwa imesimamishwa kwa ubavu, nawe umekaa kwenye kiti. Kulala chali chini ya meza huku risasi ya moto ikikudondokea ni mateso yasiyo ya lazima. Na kabla ya kufunga chochote kwenye meza, kamilisha pointi moja ikiwa wazi mbele yako: chaja, rizista, kapasita, vitufe viwili, kifaa. Ibonyeze mpaka uizoee. Weka kidole kwenye kile chuma kinachoteleza uhisi nguvu yake. Ukielewa moja, tatu zilizobaki ni kurudia tu.

Ubao wa vitufe naomba usiufanye safu ya namba. Chora ramani yenyewe kwenye kipande cha plaiwudi, Mkwaya na Mtwara zikiungana Ruo, kisha Nachingwea na njia zake, halafu toboa matundu na uweke vitufe juu ya mistari. Kitufe cha kunyoosha kiwe kwenye mstari wa kunyoosha, cha kukunja kwenye mstari wa kukunja. Mgeni atakayekuja ataendesha bila kuelezwa chochote.

Ukikosa vifaa vya dukani

Kuagiza pointi ni lazima, maana kuzitengeneza kwa mkono ni ufundi wa baadaye. Mashine za kuzisogeza, hata hivyo, unaweza kuzipata kwa wauza spea za magari. Mota ya sentro loki, ile inayofunga mlango wa gari, ni mashine kamili ya pointi: inatumia volti 12, ina waya mbili zinazofanya kazi ya kusukuma, na ukigeuza chanya na hasi inarudi ilikotoka. Swichi ya kupandishia na kushushia kioo cha gari inaifaa kana kwamba zilizaliwa pamoja, kwa kuwa inageuza umeme pande zote mbili na ukiiachia inarudi katikati. Zote mbili zikiwa zimetumika bado ni nzima, na fundi umeme wa magari yeyote atakuonyesha miguu ya swichi hiyo.

Tatizo lake ni kwamba inasukuma milimita 20 hivi, wakati ndimi zako zinataka tatu. Ukiifunga moja kwa moja itaing'oa pointi. Weka fimbo ya wenzo chini ya meza: mhimili ukae milimita 20 chini ya kijiti cha ndimi, na mota ishike milimita 80 chini ya mhimili. Mwendo wa 20 unakuwa 5 huko juu. Zilizozidi zimezwe na fimbo yenyewe, kwa hiyo itengeneze kwa waya mgumu wa springi wenye unene wa karibu milimita moja, unaojipinda na kurudi. Mota hii inakula ampea nyingi kuliko uwezo wa kapasita yetu. Ipe betri ya volti 12, ya bodaboda au ya sola, na uweke fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na nguzo ya chanya. Usiruke fyuzi. Betri ya asidi waya zake zikigusana inaziyeyusha na inaweza kuchoma nyumba. Hapa pia bonyeza na uachie, kwani hakuna kapasita ya kukulinda. Faida kubwa ni kwamba umeme ukikatika pointi zako zinaendelea.

Vyovyote utakavyochagua, umeme wa pointi usiuchanganye na ule wa kuendeshea injini. Kila mmoja uwe na chaja yake. Ukiunganisha, kila utakapobonyeza kitufe treni itashtuka, na kutafuta kosa kutakuwa kazi ya siku nzima.

Ikigoma

Pointi ikikataa pande zote mbili, pima volti kwenye kapasita kabla ya kitu kingine. Kama hazifiki 18 baada ya sekunde tano, kitufe fulani kimenasa na kinaivujisha; chomoa waya za vitufe moja moja mpaka zipande. Ikienda upande mmoja tu, mara nyingi ni kiungo kilicholehemiwa kwa haraka: kwa nje kinaonekana kimeshika lakini ndani hakikushika. Kiguse upya kwa pasi mpaka risasi itiririke. Ikisogea nusu na kusimama, usiongeze volti. Sogeza ndimi kwa mkono huku umeme umezimwa. Zikikwaruza, kuna chembe ya mchanga au gundi ya kokoto, na ndiyo maana kokoto za mapambo hazipaswi kukaribia ndimi hata kidogo. Zikisogea vizuri kwa mkono, basi kifaa kimefungwa upande. Legeza skrubu, sukuma ndimi zikae katikati, weka na kile chuma cha kifaa katikati, kisha kaza.

Kwa kulainisha, usitumie mafuta ya cherehani wala grisi. Vumbi la Nachingwea likichanganyika na mafuta linakuwa msasa. Tumia kinywe, madini yale yale yaliyopo Ruangwa, ambayo nawe unayo tayari ndani ya penseli. Chukua penseli laini, ya 4B au 6B, upake sehemu ambayo ndimi zinalalia. Kinywe ni kikavu, kinateleza, na hakishiki vumbi. Kinapitisha umeme pia, jambo zuri juu ya reli lakini baya kwenye zile nafasi za plastiki zinazotenganisha reli kando ya V, kwa hiyo hapo usipake. Masika yakiingia reli zitapata ukungu wa kutu. Zifute kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kupaka tena.

Jaribio la mwisho ni kuigeuza treni Nachingwea. Treni iingie kwenye njia kuu, pointi 2 na 3 zikiwa zimenyooka, na isimame mabehewa yakiwa kati yake. Achanisha injini, iende mbele hadi kwenye kile kipande kifupi. Bonyeza 3 ikunje, hesabu tatu, bonyeza 2 ikunje. Injini irudi nyuma kupitia njia ya pembeni mpaka ivuke pointi 2 na kutoka nje. Bonyeza 2 inyooke, uirudishe injini ikamate behewa lililokuwa la mwisho, ambalo sasa ni la kwanza kuelekea Ruo. Njiani uamue kama mzigo unakwenda Mkwaya au Mtwara, na pointi 1 ikuitikie kabla treni haijafika. Ukiweza mzunguko huo wote bila kugusa reli kwa mkono, nunua pointi ya tano uchore tawi la Masasi.